Ziwa Kivu: taa ndani ya chumba cha motere si mapambo

Usiku ambao mwezi haujatoka, mtu anayesimama Himbi ao Keshero mjini Goma, ao Nguba na Muhumba upande wa Bukavu, anaona Ziwa Kivu limejaa vidoto vya mwangaza. Ni wavuvi wa sambaza. Samaki huyo mdogo, ambaye aliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, anafuata mwangaza, na kwa miaka mingi wavuvi walimwita kwa taa za petroli zilizokuwa zinavuma usiku kucha na kumeza mafuta. Siku hizi wengi wao wamehamia kwenye taa za LED zenye kutumia batri, inayojazwa mchana kwa pano ya jua. Hakuna mkubwa aliyewalazimisha. Walipiga hesabu ya mafuta, wakaona.

Karibu na hapo, bandarini, yamefungwa maboti ya abiria. Fundi wa motere akitaka kujua kama mazutu inavuja, anaweka simu kati ya meno, taa ya simu ikielekea chini, kisha anainama ndani ya shimo jeusi lenye harufu ya moshi na mafuta. Mkono mmoja unashika bomba, mwingine unapapasa funguo. Simu ikiponyoka na kuanguka chini kwenye maji machafu, kazi imeishia hapo, na boti itaondoka vilevile kwa sababu abiria wamekwisha kulipa na mizigo imekwisha kupangwa.

Kwa hiyo jambo lisemwe bila kuzunguka. Katika maboti mengi ya mashariki mwa Kongo, chumba cha motere ndiyo fasi yenye giza kuliko zote, na ndiyo fasi ambapo moto unaweza kuwaka bila mtu kuona na motere kuzimika bila mtu kujua sababu. Kuweka humo taa mbili ao tatu za LED, zikafungwa inavyofaa, ni kazi ya siku moja. Wenye maboti wanapaswa kuifanya bila kungoja, na komiseria inayotoa ruhusa ya kusafiri ziwani inapaswa kuidai.

Kuna watakaocheka. Watasema: watu wanakufa kwa sababu ya kujaza maboti kupita kiasi, na huyu analeta habari za ampulu. Hawakosei wakitaja kujaza kupita kiasi. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, mchana kweupe, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanangoja ndugu zao ufukweni. Makumi ya watu walikufa. Ilikuwa imebeba watu wengi mno, na ilikuwa imebeba watu wengi mno kwa sababu barabara ya Goma na Minova ilikuwa imekatwa na vita upande wa Sake tangu mwanzo wa mwaka huo, hivi kwamba watu na viazi na maharage vyote vilihamia majini. Taa ndani ya chumba cha motere isingeokoa hata mtu mmoja siku ile. Ni vizuri hilo likubaliwe mapema, ili mtu yeyote asije kuuza taa kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa.

Lakini boti iliyojazwa sana ina ugonjwa wa pili ambao haupigiwi kelele. Haivumilii motere kuzimika. Boti yenye mzigo wa kadiri, motere ikinyamaza, inaelea, inangoja, fundi anatafuta. Boti iliyojaa hadi maji yanakaribia ukingo, motere ikinyamaza, inageuka yenyewe na kuweka ubavu kwenye mawimbi, kwa kuwa hakuna tena kitu kinachoielekeza. Anayesafiri kati ya Goma na Bukavu wakati wa mvua anajua namna upepo unavyoamka Kivu: kwa nusu saa ziwa lililokuwa kama kioo linakuwa milima. Ndani ya nusu saa hiyo fundi anapaswa kujua kama ni filtri imeziba, kama maji yameingia ndani ya mazutu, kama mkanda umekatika ao bomba limechomoka. Anapaswa kujua hayo huku abiria wanalia, watu wanamkanyaga mgongoni, na simu yake imebaki na asilimia 8 ya moto.

Na mambo mengi kati ya hayo hayaanzi siku hiyo. Mkanda unaotaka kukatika unatoa vumbi jeusi siku nyingi kabla, linaonekana kwenye vyuma vilivyo karibu nao. Bomba la maji ya kupoza motere linaanza kwa tone moja kwenye kifungo chake, kisha tone linaacha doa jeupe. Mazutu inayovuja inaacha njia inayong'aa juu ya vumbi. Nyaya za batri zinaota unga wa kijani. Maji yanayoingia kupitia mhimili wa pangaboi yanaongezeka chini kidogo kidogo. Mita ya joto iliyo mbele ya nahodha inaonyesha hatari wakati maji ya kupoza yamekwisha kupotea. Jicho la fundi linaweza kuona tone la kwanza wiki mbili kabla. Jicho hilo linahitaji mwangaza tu. Fundi hodari kuliko wote wa Goma, akiwekwa gizani, anafanya kazi kwa vidole na kwa pua.

Tena mwangaza unabadilisha tabia. Fasi yenye giza haifagiliwi. Vitambaa vyenye mafuta vinatupwa humo, chupa za plastiki, bidoni ya esanse ambayo mtu alikosa pa kuiweka. Mara taa ikiwaka, uchafu unaanza kuleta haya. Ni kama jikoni.

Kuhusu moto, Kongo imekwisha kulipa bei ambayo inchi nyingi hazijui. Aprili 2025, karibu na Mbandaka katika jimbo la Équateur, boti la mbao HB Kongolo liliwaka moto katikati ya mto na watu zaidi ya 140 wakafa, wengine kwa moto, wengine kwa kuruka majini bila kujua kuogelea. Viongozi wa mto walieleza kwamba moto ulitoka kwa mtu aliyekuwa anapika ndani ya boti. Septemba mwaka uleule, upande wa Lukolela, boti lingine liliwaka na watu zaidi ya 100 wakapotea. Mbandaka ni mbali na Kivu, na chanzo cha moto wa Aprili kilikuwa jiko, hakikuwa taa. Kinachofanana ni kile kilichokuwa kinangoja: mbao, mafuta na watu waliobanana. Moto mdogo wa aina yoyote unatosha. Buji inayowashwa karibu na motere kwa sababu torshi imekufa ni moto mdogo. Kiberiti kinachowashwa ili kuangalia kama tangi limejaa ni moto mdogo. Waya ulio uchi, uliokazwa kwa vidole na kufunikwa na mfuko wa plastiki, ni moto mdogo pia, na huo unangoja hata wakati watu wote wamelala.

Hapa panahitaji kutofautisha, kwa sababu mazutu na esanse hazina tabia moja. Mazutu haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipashwe moto kupita nyuzi 50 na kitu za Selsiasi. Esanse inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, baridi ambayo hakuna mkaaji wa Goma ataiona hata akilala juu ya Nyiragongo. Meli kubwa na maboti mengi ya mizigo yanatumia mazutu. Kano za mwendo kasi, zile zenye motere za kutundikwa nyuma, zinatumia esanse, na mabidoni yake yanafungiwa kwenye sanduku la nyuma ao chini ya viti.

Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Haupandi, unashuka. Wakaaji wa Goma hawahitaji mwalimu kuelewa hilo, kwa sababu wanaishi na mazuku. Kila mtu kando ya ziwa ameonywa tangu utoto: usiingie kwenye lile shimo asubuhi, mbuzi amefia humo. Mazuku ni gesi nzito inayolala kwenye mabonde madogo, haionekani, na inaua anayeinama. Mvuke wa esanse unafanya vilevile ndani ya tumbo la boti: unateremka mpaka chini kabisa, unalala juu ya maji machafu, unangoja. Tofauti ni kwamba mazuku inazima moto, na huu unaulipua. Cheche moja ya kitufe cha taa inatosha.

Ndiyo maana, kwa boti ya esanse, taa iliyonunuliwa kwenye duka la vitu vya nyumba haifai kuingia fasi hiyo, hata ikiwa na mwangaza mzuri namna gani. Kuna vifaa vilivyotengenezwa na kupimwa ili cheche yao isitoke nje na kuwasha mvuke. Kanuni ya kimataifa inayohusika inaitwa ISO 8846, na namba hiyo inaandikwa kwenye kifaa ao kwenye karatasi yake. Asiyeipata afanye jambo rahisi zaidi: kitufe cha kuwashia kikae nje, juu, penye upepo, na maungio yote ya nyaya yakae nje vilevile. Na kabla ya kuwasha kitu chochote, kifuniko kifunguliwe hewa ipite. Marekani, boti zenye motere ya esanse ya ndani zinabandikwa onyo karibu na kitufe cha motere: feni ya kutoa mvuke izungushwe kwa dakika 4 kwanza. Dakika 4 ni muda ambao boti yoyote ya Kivu inapoteza kwa kubishana juu ya bei ya mfuko mmoja wa makala.

Sasa batri. Hii ndiyo sababu ambayo wenye maboti wanaitoa mara nyingi, na haikuwa sababu ya kijinga. Taa itakula batri, asubuhi motere haitawaka. Kwa ampulu za zamani walisema kweli. Ampulu ya uzi yenye wati 60, kwenye mfumo wa volti 12, inavuta ampea 5. Ikiachwa usiku wa saa 10, imekunywa ampea-saa 50, yaani nusu ya batri ya 100. Batri ya kuwashia motere ikishushwa hivyo mara kwa mara inakufa mapema. Taa ya LED yenye mwangaza unaokaribia huo inavuta wati 10 hivi, chini ya ampea moja. Usiku uleule wa saa 10 unakula ampea-saa 8 ao 9. Na ni nani atakayeacha taa ya chumba cha motere iwake saa 10? Fundi anaihitaji robo saa kabla ya safari, dakika chache kila saa moja njiani, na robo saa nyingine baada ya kufika. Taa mbili za LED kwa saa mbili zinakula chini ya ampea-saa 4. Simu na redio za abiria zinazojazwa kwa siri kwenye batri ya boti zinakula zaidi ya hapo.

Hesabu hiyo wavuvi wa sambaza waliimaliza zamani.

Kuna hatari nyingine, ambayo anayesifu LED bila kuwaza hataki kuitaja. Taa iliyofungwa vibaya ni mbaya kuliko giza. Giza haliwashi moto. Kongo ni inchi ya artikle 15, ya kujipanga na kilichopo, na kipaji hicho kimeokoa watu wengi. Lakini ndani ya chumba cha motere kinaweza kuua. Namna inavyofanyika inajulikana. Mtu ananunua ule ukanda wa LED wenye gundi nyuma, unaopambwa kwenye baa na kwenye mapikipiki. Anaubandika juu ya dari ya chumba cha motere. Anachukua waya mwembamba, anaukaza moja kwa moja kwenye batri bila fizibo, anafunika kwa skoshi nyeusi. Usiku wa kwanza inapendeza, watu wanapiga picha.

Baada ya wiki chache gundi inalegea kwa sababu ya joto na mafuta. Ukanda unaning'inia. Siku moja unashuka juu ya bomba la moshi ao unavutwa na mkanda unaozunguka. Plastiki ya waya inayeyuka, pozitifu inagusa chuma, na kwa kuwa hakuna fizibo, batri nzima inamwaga nguvu zake zote kwenye waya wenye unene wa uzi wa kiatu. Waya unakuwa mwekundu kama nyama ya ndani ya tanuru. Hapo ndipo mbao zinaanza.

Hata usipoanguka, ukanda huo hauishi muda mrefu, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa kuwa wauzaji hawaielezi. Nyingi za kanda hizo zina LED tatu tatu zilizofuatana pamoja na resistansi moja ndogo. LED tatu zinachukua volti 9 na nusu hivi. Kwa batri ya volti 12, resistansi inabaki kubeba volti 2 na nusu. Lakini motere ikizunguka, alternata inapandisha mfumo mpaka volti 14 na zaidi. LED hazibadiliki sana, kwa hiyo ziada yote inaangukia resistansi: kutoka volti 2 na nusu inafika karibu na 5, na mkondo unakaribia mara mbili. Juu ya hapo kuna joto la chumba chenyewe. Taa iliyoandikwa saa 50,000 kwenye boksi inakufa kabla ya Noeli, na mwenye boti anasema LED ni uongo. Kwa boti yenye mfumo wa volti 24 ukanda wa volti 12 hautafika hata bandari ya pili.

Taa inayofaa ina kifaa chake cha ndani cha kusawazisha umeme, na imeandikwa kwamba inakubali kutoka volti 10 hadi 30. Aina hiyo ipo madukani. Ni zile zinazofungwa kwenye malori na matrekta. Imefungwa ndani ya kasha la alumini lenye mapezi ya kutoa joto, na imeandikwa IP67, maana yake vumbi haliingii, na inaweza kutumbukia ndani ya maji hadi mita moja kwa nusu saa bila kuharibika. Inashikwa kwa bulo, si kwa gundi. Waya wake uwe wa shaba wenye nyuzi nyingi nyembamba, kwa sababu waya mgumu wa nyumba unavunjika ndani kwa mtikisiko wa motere na hakuna anayeona. Maungio yafanywe kwa vichwa vya kubana kwa koleo lake, yafunikwe kwa bomba la plastiki linalonywea kwa joto. Na fizibo ya ampea 3 ao 5 ikae karibu na batri, ndani ya sentimita 18 kama mafundi wa boti wa Marekani wanavyodai. Wengi wanaiweka karibu na taa, wakidhani inalinda taa. Fizibo inalinda waya, na kipande cha waya kilicho kati ya batri na fizibo hakina mlinzi.

Na taa ziwe mbili, upande huu na upande huu. Taa moja tu inamfanya fundi afanye kazi ndani ya kivuli cha kichwa chake mwenyewe, na baada ya siku tatu atarudia simu yake.

Upande wa nahodha pia ufikiriwe. Jicho la mtu linahitaji karibu nusu saa kuzoea giza vizuri, na linapoteza yote kwa nukta moja. Nahodha anayetafuta mitumbwi ya wavuvi mbele yake usiku, kisha kifuniko cha motere kikafunguliwa karibu na miguu yake na mwangaza mweupe ukampiga usoni, ni kipofu kwa dakika kadhaa. Kwa hiyo taa zielekezwe chini, na pale ambapo chumba cha motere kiko wazi karibu na usukani, kuwe na taa nyekundu ndogo kwa ajili ya kuchungulia usiku. Mwangaza huo usitoke nje kwenye ubavu wa boti kiasi cha kuchanganywa na taa za safari, nyekundu ya kushoto na kijani ya kulia. Maboti ambayo hata hizo taa za safari hayana ni hadithi nyingine, na ni ya aibu zaidi.

Jambo kubwa liko kwa wakaguzi. Kabla boti haijaondoka, anayepaswa kuipa ruhusa anahesabu watu, wakati mwingine anahesabu jileti, anaangalia karatasi, anaweka muhuri. Haingii ndani ya chumba cha motere. Na angeingia afanye nini humo? Hakuna anachoweza kuona. Ukaguzi wa motere ndani ya giza ni sahihi tu kwenye karatasi. Hapo ndipo taa inapata maana inayopita mafuta na mikanda: inamwondolea mkaguzi kisingizio, na inamwondolea mwenye boti mahali pa kuficha. Bila shaka wako wenye maboti ambao hawataki taa kwa sababu hiyo hasa. Motere iliyofungwa kwa kamba, tangi lililozibwa kwa sabuni, pampu ya kutoa maji isiyofanya kazi tangu mwaka jana, vyote vinapenda giza.

Tangu mwanzo wa mwaka 2025, Goma kisha Bukavu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23, watu wanaoketi kwenye ofisi za bandari wamebadilika. Ziwa halikubadilika, na abiria wa Idjwi, Kalehe na Minova ni walewale. Anayekusanya kodi ya bandari, awe nani, anabeba pia kazi ya kuangalia kile kinachoondoka bandarini. Kodi inapokewa kila asubuhi bila kukosa. Vilevile Tanganyika, kuanzia Uvira hadi Kalemie na Moba, ambako safari ni ndefu zaidi na boti ikizimika inaweza kukaa siku nzima bila kuona mtu.

Sharti lenyewe linaweza kuwa fupi. Chumba cha motere, ao sanduku la motere, liwe na mwangaza wa kudumu ambao mkaguzi anaweza kuuwasha kutoka nje. Kuwe na fizibo inayoonekana. Kusiwe na waya wowote uliofungwa kwa skoshi peke yake. Kwa boti ya esanse, kitufe na maungio viwe nje. Anayekosa hivyo apewe mwezi mmoja, kisha boti ilale. Lakini sharti hilo lisigeuzwe kuwa karatasi nyingine ya kuuzwa dirishani, kwa maana hilo limeonekana kwa jileti: zinakodishwa kwa boti jirani asubuhi ya ukaguzi, zinarudishwa kabla ya kamba kufunguliwa. Taa iliyokazwa kwa bulo kwenye chuma cha boti haikodishwi kirahisi hivyo.

Gharama itategemea boti, lakini si gharama ya kumfukarisha mtu mwenye motere. Taa mbili, mita chache za waya, fizibo moja, kitufe, na siku moja ya fundi. Mwenye boti anayebishana juu ya hayo amekwisha kulipa rangi mpya, na amemlipa mchoraji aandike pembeni kwa herufi kubwa kwamba Mungu ndiye nahodha. Vyama vya wenye maboti vinaweza kununua taa kwa pamoja ili bei ishuke, na kuchagua fundi mmoja ao wawili katika kila bandari ambao wanajua umeme wa boti, maana fundi wa pikipiki na fundi wa umeme wa nyumba, hata wakiwa hodari kwa kazi yao, hawakufundishwa habari za mtikisiko, unyevu na mvuke wa esanse. Goma na Bukavu kuna vijana wengi waliosomea umeme ambao sasa wanauza vocha za simu. Wafundishwe kazi hiyo kwa wiki moja juu ya boti moja iliyolala.

Kinachobaki ni matengenezo, na hayo ni madogo. Kioo cha taa kipanguswe kila wiki, kwa sababu moshi wa mazutu na vumbi la volkano vinakifanya cheusi haraka. Nyaya zivutwe kwa mkono kila mwezi kuona kama kuna iliyolegea. Na ndani ya sanduku la vifaa, pamoja na funguo na filtri ya ziada, iwekwe torshi moja ya kichwani yenye batri zake, ambayo haiazimwi na mtu, kwa ajili ya siku ambapo maji yamefika kwenye batri kubwa na taa zote za boti zimezimika pamoja.